Nauli ya Meli Huanzia Shambani

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma inapita jirani na Mzumbe, chini ya ubavu wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Usiku na mchana malori yanashuka na shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandarini, na mengine yanapanda yamebeba mafuta, mbolea na makontena. Shaba ile imesafiri zaidi ya kilomita 1,500, imevuka mipaka, imepimwa kwenye mizani kadhaa, na bado inamlipa mwenyewe. Juu ya mlima huohuo, Mgeta, kabichi, karoti, njegere na matunda ya nchi za baridi yanalimwa makumi machache tu ya kilomita kutoka kwenye lami, lakini gharama ya kuyafikisha sokoni inakula sehemu kubwa ya bei. Upande wa mashariki wa mlima, Kinole, Mkuyuni na Matombo, iko karafuu, mdalasini na pilipili manga, bidhaa zenye wateja dunia nzima, na wakulima wake wana malalamiko yaleyale. Ng'ambo ya bahari, Pemba, wenye karafuu na mwani wanasema hivyohivyo. Kama umbali ndio ungekuwa adui mkuu wa biashara ya nje, shaba ya Kongo isingefika Dar es Salaam na karafuu ya Mkuyuni ingekuwa imewatajirisha wenyewe zamani. Hali iko kinyume, na kinyume hicho kinastahili kuelezwa kabla hatujajenga gati jingine.

Hoja yangu ni hii: mwuzaji wa nje aliyeko pembezoni, awe kisiwani au mlimani, anakwazwa kwanza na shehena ndogo, isiyo na ratiba, inayopita mikono mingi. Maji na milima vinaongeza gharama, hilo halina ubishi. Lakini maji yaleyale yanavukwa kwa bei nafuu na anayevusha vingi kwa utaratibu, na mlima uleule unashukwa kwa bei nafuu na anayeshusha vingi kwa utaratibu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mpangilio wa sera zetu za usafirishaji una kasoro. Tumezoea kuanza na kitu kikubwa kinachoonekana, yaani gati, kisha tukasubiri shehena ije yenyewe. Ilipaswa tuanze pale shehena inapozaliwa: kwenye ghala la kukusanyia, kwenye kiwanda kidogo cha kupunguza uzito na kuongeza thamani, na kwenye chombo chenye ratiba inayoaminika.

Tufuate gunia la karafuu la Pemba. Mkulima huchuma, huchambua makonyo, huanika kwenye majamvi, kisha huuza katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kutoka kituoni gunia huenda ghalani, kutoka ghalani huenda bandarini, na kutoka hapo huvushwa na kuingizwa katika mlolongo wa vyombo na makontena mpaka likutane na meli kubwa ya kulifikisha Asia au Ulaya. Katika kila kituo kuna kupakua na kupakia, kuna wachukuzi, kuna ada, na kuna siku za kusubiri. Zaidi ya hayo kuna malipo yasiyojali wingi wa mzigo: cheti cha afya ya mimea, hati ya asili ya bidhaa, kazi ya wakala wa forodha, nyaraka za meli. Hati ni moja, uwe na magunia 10 au 1,000. Gharama ya namna hiyo ikigawanywa kwa tani 200 haionekani. Ikigawanywa kwa tani 2 inaweza kuumeza faida yote. Ndiyo maana mfanyabiashara mdogo wa viungo anaweza kulalamikia bandari ilhali kinachomwumiza ni kwamba amefika bandarini peke yake.

Takwimu nazo zinamficha. Umoja wa Mataifa una orodha ya nchi ndogo za visiwa zinazoendelea, na jirani zetu Komoro, Shelisheli na Morisi zimo. Shirika lake la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, limekuwa likionyesha kwa miaka mingi kwamba nchi za kundi hilo hulipa zaidi kwa usafirishaji na hutembelewa na meli chache. Zanzibar haimo, kwa kuwa orodha ni ya nchi na Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano. Tanzania inapopimwa kwa namna ilivyoungana na njia za meli za dunia, kinachojitokeza ni Dar es Salaam, bandari ya nchi nzima na ya majirani wasio na bahari. Wastani huo hausemi lolote kuhusu bandari za Wete au Mkoani kisiwani Pemba, kama ambavyo wastani wa barabara za lami za taifa hausemi lolote kuhusu njia ya Kibungo Juu wakati wa masika. Anayepanga sera kwa wastani wa taifa atawapita wote wawili, wa kisiwani na wa mlimani, bila kuwaona.

Tena upembezoni wenyewe haukuumbwa na jiografia. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar, Unguja ilikuwa kitovu cha biashara ya ukanda huu wote. Majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na bara ndilo lililokuwa mbali. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita chini ya Uluguru, kwenye mji wa Simbamwene ulioanzishwa na Kisabengo, mahali ilipo Morogoro ya leo. Kisha mambo yakageuka kwa hatua zinazojulikana. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na meli za moshi zikaanza kuchagua bandari kwa vigezo vipya. Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891, wakaanza kujenga reli ya kati mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Nusu ya pili ya karne ya 20 ikaleta kontena, na kontena likaleta meli kubwa zisizopenda kusimama penye mzigo kidogo. Katika mabadiliko yote hayo Zanzibar haikusogea hata hatua moja. Kilichohama ni shehena. Mahali pakipoteza shehena huwa pembezoni, na tukielewa hivyo tunaelewa pia kwamba upembezoni unaweza kupunguzwa.

Karafuu ina historia ya pekee katika jambo hili. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, maana yake uzalishaji ulisogea mbali zaidi na bandari kuu ya Malindi, Unguja. Karne moja baadaye likaja pigo la pili. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipanda mikarafuu yake yenyewe na kufikia miaka ya 1980 ikawa haihitaji tena za Zanzibar kama zamani. Bei ilianguka, mikarafuu mingi ikakosa matunzo, na wingi wa mzigo ukapungua. Katika mazungumzo yetu pigo hili huhesabiwa kama la bei peke yake. Lilikuwa pia pigo la usafirishaji, kwa sababu ghala ni lilelile, mzani ni uleule, chombo ni kilekile, na sasa vinahudumia tani chache. Kila gunia lililobaki likaanza kulipia nafasi ya gunia lililokosekana.

Jambo la pili baada ya wingi ni thamani ya kila kilo. Wapagazi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka maziwa makuu hadi pwani, safari ya miezi, na biashara ikalipa. Hakuna aliyebeba mahindi kwa umbali huo. Kanuni hiyo haijabadilika. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na umewapa kipato maelfu ya wanawake wa pwani za Unguja na Pemba, lakini kwa miaka mingi umeuzwa nje ukiwa umeanikwa tu. Unachukua nafasi kubwa, bei ya kilo ni ndogo, na sehemu kubwa ya thamani hupatikana ng'ambo, kwenye viwanda vinavyotoa ndani yake ute wa kugandishia vyakula, dawa na vipodozi. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kustahimili nauli yoyote kubwa. Kila nauli ikipanda, kama ilivyotokea wakati wa uhaba wa makontena mwaka 2021 na tena baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023, mnunuzi hutafuta pa kufidia, na wa mwisho kwenye mnyororo ni mama aliye majini na kamba zake.

Linganisha na Komoro. Kisiwa cha Ngazija hakina bandari ya kina kirefu. Moroni meli kubwa hutia nanga nje na mizigo hushushwa kwa matishari. Kwa kipimo cha gati, Komoro iko nyuma ya Zanzibar. Lakini mauzo yake makuu ya nje ni vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi, na mafuta hayo hukamuliwa visiwani kwa mvuke kabla ya kusafirishwa. Pipa moja linabeba thamani ya maua mengi mno, wala haliharibiki kwa kusubiri meli. Sisemi Komoro imefanikiwa kiuchumi, kwa maana umaskini wake unajulikana. Nasema kwamba kwa bidhaa hiyo moja wamelipatia ufumbuzi tatizo la usafirishaji kabla ya mzigo kuondoka shambani. Pemba yenyewe ina ushahidi wa aina hiyo. Kiwanda cha Makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta kwenye vikonyo vya karafuu ambavyo vingekuwa takataka. Wawi inatosha kuwa kielelezo, na inashangaza kwamba hatujauliza kwa bidii kwa nini mlimani, Mkuyuni au Matombo, hakuna mtambo unaojulikana kama huo.

Sasa tuje kwenye mizani ya kwenda na kurudi, maana hapo ndipo nauli inapopangwa kweli. Zanzibar huagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza nje: mchele, sukari, saruji, vifaa vya hoteli. Makontena huingia yamejaa na mengi hutoka matupu. Kwa hesabu ya kawaida, nafasi ya kutoka ingepaswa kuwa ya bei rahisi, kwa kuwa mwenye meli angependelea kubeba chochote kuliko hewa. Nafasi hiyo ipo, ila mwuzaji wa nje haifikii. Kontena tupu lipo Malindi leo, mzigo wake uko Micheweni, Pemba, katika mafungu madogo mikononi mwa watu wengi, na kampuni ya meli haitasubiri wiki tatu mafungu hayo yakusanywe. Mgeta hali ni kinyume, na matokeo ni yaleyale. Fuso hupanda mlimani na mzigo kidogo na kushuka limejaa mboga, hivyo nauli ya kushuka lazima ilipie na safari ya kupanda. Kisiwani nafasi ya kurudi inapotea. Mlimani safari ya kwenda inapotea. Dawa ya vyote viwili ni kuufanya mzigo ujulikane mapema, uwe mahali pamoja, kwa siku iliyopangwa.

Mfumo wetu wa tozo na vipimo, bahati mbaya, unasukuma upande mwingine. Chukua lumbesa. Nauli na malipo ya kupakia yanapohesabiwa kwa gunia badala ya kilo, mnunuzi ana kila sababu ya kulishindilia gunia mpaka livimbe juu, na mkulima wa viazi au kabichi ndiye anayetoa kilo za ziada bure. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi, lakini kishawishi kimo ndani ya namna nauli inavyotozwa, na hakitaondoka kwa kukamata magari peke yake. Au chukua ushuru wa mazao. Mwaka 2017 serikali iliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikafuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Nia ilikuwa njema: kumwondolea mkulima mdogo usumbufu wa vizuizi vya barabarani. Hata hivyo msamaha huo unamtunza anayesafirisha kidogo, na haumpi chochote kikundi kinachounganisha tani 10 ili kupunguza nauli. Ingefaa kikundi kilichosajiliwa kipate msamaha uleule kwa kila mwanachama wake, ili watu wasilipishwe kwa kosa la kukusanyika.

Yapo mapingamizi, na yanastahili majibu. La kwanza litatoka kwa anayeijua Malindi. Atasema bandari ile imebanwa na Mji Mkongwe, eneo la kupanga makontena ni dogo, meli zimewahi kusubiri siku nyingi, na bila gati jipya porojo za maghala hazina maana. Nakubali kwamba Malindi imekuwa kikwazo. Kwa sababu hiyo mwaka 2023 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliikabidhi kampuni ya Africa Global Logistics kazi ya kuiendesha, na kwa sababu hiyohiyo kuna mpango wa bandari jumuishi ya Mangapwani. Lakini tuangalie nani ananufaika kwanza foleni ikipungua. Ni mwagizaji, kwa kuwa yeye ndiye mwenye makontena mengi. Mwuzaji wa nje atanufaika tu akiwa na mzigo uliokwisha kujaa. Mtwara imetufundisha somo hili kwa gharama kubwa. Bandari yake ilipanuliwa kwa gati jipya katikati ya mikoa inayolima korosho, na bado kwa misimu kadhaa korosho zilipakiwa kwenye malori na kusafirishwa zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Sababu mojawapo ilikuwa uhaba wa makontena matupu, kwa kuwa Mtwara haiagizi vya kutosha kuyaleta. Lamu ya Kenya nayo, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, kina chake ni kirefu, lakini miaka yake ya mwanzo ilipita na meli chache. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya bandari ni mzigo wa kwenda na kurudi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kukusanya mzigo mahali pamoja kumekuwa, katika historia yetu, jina jingine la ukiritimba. ZSTC imekuwa mnunuzi pekee wa karafuu Zanzibar kwa miongo mingi, na kuna vipindi ambavyo bei aliyolipwa mkulima ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya dunia. Jibu la Wapemba lilikuwa magendo: karafuu zilivushwa usiku kwa mashua hadi pwani ya Kenya. Bara nako, Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakazisomba, na soko likachukua muda kurejea kwenye utulivu. Siwezi kuyafumbia macho hayo. Ila magendo yenyewe yanatoa ushahidi wa ajabu: mashua ndogo, bila gati la kisasa, iliweza kuvuka mkondo wa Pemba na kupata faida. Bahari haikumzuia mkulima. Kilichomzuia kwenye njia halali ni bei na utaratibu. Funzo lake ni kutenganisha ghala na mnunuzi. Stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005, kwa asili yake inaruhusu hilo: mzigo unakaa pamoja, unapangwa kwa daraja na kupimwa kwa mzani mmoja, kisha wanunuzi wengi wanashindana kwa mnada. Pale mfumo huo ulipoharibika, uliharibika kwa makato mengi na malipo ya kuchelewa. Hayo ni maradhi ya usimamizi, yanatibika kwa kuweka ukomo wa makato kisheria na tarehe ya malipo isiyovukwa.

La tatu litasema viwanda vidogo vya pembezoni haviwezi kuishi: umeme ni wa shida, mitaji haipo, wanunuzi wa nje wanapenda malighafi. Kuhusu umeme, hali imebadilika. Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli, na hakuna kiwanda kinachoshindana kwa dizeli. Kuhusu mitaji, hatuzungumzii viwanda vya mabilioni. Hatua za mwanzo zinazopunguza nauli ni za kawaida kabisa: kukausha mpaka unyevu unaotakiwa ili mzigo usiote ukungu njiani, kupanga kwa madaraja, kushindilia mwani kwenye marobota ili kontena moja libebe tani zaidi, kukamua mafuta kwa mvuke. Nakiri kwamba hoja hii haifiki kwa kila zao. Kabichi ya Mgeta haikamuliwi wala haingoji. Soko lake litabaki Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, na kinachoifaa ni barabara inayopitika masika yote na gari linaloondoka saa iliyotangazwa. Lakini hata hapo mpangilio ni uleule: siku ya gulio la Nyandira, ambapo wenye magari wana uhakika wa kukuta mzigo, ni mahali pa kuanzia pazuri kuliko mradi wowote wa karatasini.

Limebaki swali la chombo na ratiba, na hapa serikali haina budi kutoa fedha. Biashara binafsi haiwezi kuendesha meli ya mizigo kati ya Pemba na bara kila wiki ikiwa nusu tupu, na mzigo hautajaa mpaka watu waamini kwamba meli itakuwepo kila wiki. Mzunguko huo hukatwa na mtu mmoja tu, aliye tayari kubeba hasara ya miaka ya mwanzo. Atakayesema hiyo ni ruzuku aulizwe kama barabara ya Bigwa hadi Kisaki inatarajiwa kutoa faida. Tunaijenga kwa kodi kwa sababu tunajua inafungua uchumi wa watu wa Mkuyuni, Matombo na Mvuha. Kwa mtu wa Pemba, meli ndiyo barabara. Scotland walikubali kanuni hiyo mwaka 2008 walipoanza majaribio ya kupanga nauli za vivuko vya visiwa vyao vya magharibi kwa kulinganisha na gharama ya kwenda umbali uleule kwa barabara. Baadaye waliiondoa nafuu hiyo kwa magari makubwa ya mizigo kwa sababu ya gharama, na hilo nalo ni onyo la kutusaidia: tufadhili ratiba kwa muda uliowekwa, na ruzuku ipungue kadiri chombo kinavyojaa. Kuna sababu ya pili isiyo ya kiuchumi. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, imezidishiwa abiria na mizigo; MV Skagit ikafuata Julai 2012. Panapokosekana chombo cha mizigo cha uhakika, mizigo huingia kwenye vyombo vya watu. Hesabu ya gharama ya usafirishaji isiyoweka roho hizo ndani yake ni hesabu pungufu.

Morogoro ina nafasi yake katika mpango huu, na huenda ikawa ya kwanza kuonyesha matunda. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani ikazinduliwa mwaka 2025, na barabara kuu mbili za nchi zinaachana hapa mjini. Kwa miundombinu, mkoa huu hauna cha kulalamikia mbele ya Pemba. Lakini treni ya mizigo inataka kitu kilekile inachotaka meli: shehena iliyojaa, mahali pamoja, kwa siku inayojulikana. Viungo vya Uluguru mashariki vikiendelea kushuka kwa bodaboda na vifurushi vya madalali, reli itapita kwa kasi chini ya mlima na kuwaacha wenye karafuu walipokuwa tangu 1907.

Kwa hiyo napendekeza tubadili kipimo. Kila bajeti ya bandari, reli au barabara inayotajwa kuwa kwa ajili ya kukuza mauzo ya nje ieleze mambo matatu kabla haijapitishwa: mzigo utakusanywa wapi na nani, kilo moja itakuwa na thamani gani itakapoondoka pale, na chombo kitaondoka siku zipi. Mradi usioweza kujibu unaweza kuwa mzuri kwa waagizaji, na hilo si dhambi, lakini usiandikwe kwa jina la mkulima wa Micheweni au wa Kinole. Ghala lenye mzani wa haki, mtambo wa kukamulia, na ratiba ya meli iliyodhaminiwa kwa miaka mitano ni vitu vidogo mbele ya gharama ya gati moja. Vikitangulia, gati litakapojengwa litakuta kazi. Gati likitangulia, litaendelea kupokea mchele na saruji na kurudisha makontena matupu, na sisi tutaendelea kuwaambia watu wa visiwani na milimani kwamba kosa ni la bahari yao na mlima wao.